Ndoo Hamsini za Kisima cha Tisa

Mgeni aligonga mlango saa moja asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, na hakugonga kama mtu anayeomba kufunguliwa. Aligonga kama mtu aliyetumwa.

Kizibo alifungua akiwa na mswaki mdomoni. Mbele yake alisimama binti mwembamba wa miaka ishirini na kitu, buti za mpira zimempanda mpaka magotini, sanduku la bati begani, na mkononi karatasi zilizobanwa kwenye ubao.

"Shikamoo, mzee."

Kizibo alikuwa na miaka arobaini na tisa, na hilo neno mzee lilimwingia kama mwiba. "Marahaba," alijibu kupitia povu. "Umepotea njia?"

"Sijapotea. Wewe ndiye Kizibo, mpima maji wa visima vya ghala?"

"Inategemea anayeuliza."

"Maabara kuu ndiyo inayouliza. Inataka kujua chupa za kisima namba tisa unazijazia wapi, maana ndani ya kisima huzijazii."

Jikoni, sauti ya vijiko ilikatika ghafla. Mke wa Kizibo alikuwa na masikio ya paka.

Kazi ya Kizibo ilikuwa moja tu, na aliifanya kwa miaka kumi na moja. Nyuma ya mji kulikuwa na kilima, na chini ya kilima, mita mia tano kwenda chini, serikali ilikuwa imezika taka za mionzi: taka ndani ya mapipa ya chuma, mapipa ndani ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, udongo ndani ya mwamba. Watu waliliita Ghala. Kukizunguka kilima kulichimbwa visima vyembamba kumi na viwili vya kupimia, kila kimoja bomba tu lililozama ardhini mita sitini, lenye kifuniko cha chuma na kufuli. Kila baada ya miezi mitatu Kizibo alifungua kufuli, akachota, akajaza chupa, akaiziba, akabandika lebo, akaituma. Jina la Kizibo lilitokana na hapo. Siku taka zikianza kutembea na maji ya chini, chupa zake ndizo zingekuwa za kwanza kusema. Kwa miaka kumi na moja chupa hazikusema kitu, na ofisi ikampa cheti cha utumishi mwema. Alikitundika sebuleni, sambamba na picha ya harusi.

Yule binti hata hakukitazama. Aliketi bila kukaribishwa, akafunua karatasi.

"Maji ya ndani ya mwamba hayajui hewa, mzee. Hayana oksijeni. Visima vyako kumi na kimoja viko sawasawa. Lakini namba tisa maji yake yana oksijeni kama bwawa la bata. Miaka kumi mfululizo. Hayo ni maji yaliyolala ndani ya bomba, hayatoki ardhini. Kanuni inasemaje?"

"Kanuni naijua."

"Isome basi, nikusikie."

"Unatoa kwanza maji ya bomba zima, mara tatu, ili maji mapya yaingie," Kizibo alisema, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. "Kisha ndiyo unajaza chupa."

"Kwa namba tisa ni lita elfu moja. Wewe ulikuwa ukitoa ngapi?"

Kizibo alimtazama mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na chujio mkononi. Mkewe alilitazama chujio. Wote wawili walikijua kisima namba tisa kilipo. Kilikuwa katikati ya ua wa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mfinyanzi, na ua wake ndio uliokuwa karakana yake, chumba chake cha kukaushia na ghala lake. Mwaka wa kwanza wa kazi, Kizibo alipeleka pampu pale, akatoa lita elfu kama kanuni ilivyotaka, akayaachia yajitafutie njia. Ua una mteremko. Maji yakateremka moja kwa moja kwenye vyungu arobaini vilivyokuwa vibichi bado, vikalainika, vikainama, vikakaa chini kama walevi. Mama mkwe hakumsemesha kwa miezi mitatu. Kwenye msiba wa shemeji yake alimpita kama anapita kiti. Zamu iliyofuata Kizibo alikwenda bila pampu. Alishusha chupa kwa kamba, akaipandisha, akaaga kwa adabu. Mama mkwe akajibu salamu. Na hivyo ndivyo ilivyoendelea.

Alieleza yote hayo bila kuinua macho. Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mji mzima unalindwa na vyungu vya mkweo."

"Si vyungu. Ni heshima," Kizibo alisema. "Wewe bado hujaolewa, hujui mkwe ni nini."

"Ninachojua ni kwamba heshima haina kipimo maabara."

"Na mdomo huo nao mmeupimia wapi?" mke wa Kizibo aliuliza kutoka mlangoni.

"Nisamehe, mama. Lakini leo naitoa hiyo elfu. Akija mumeo na ufunguo, sawa. Asipokuja, nina barua na nina mkasi wa kukatia kufuli."

Ua wa mama mkwe siku hiyo ulikuwa umejaa. Vyungu vibichi themanini na kitu vilipangwa kwa safu, rangi ya kijivu, vikingoja kukauka. Mwenyewe alikaa kwenye kigoda, akisugua shingo ya mtungi kwa jiwe laini. Kizibo alikohoa getini, akaingia, akachuchumaa mbali kidogo, uso ameuelekeza pembeni kama inavyompasa mkwe.

"Hodi, Mama. Shikamoo."

"Hodi ya nini? Miezi yako mitatu haijafika." Jiwe liliendelea kusugua. "Na huyo mwenye buti za kuvulia kambare ni nani?"

Binti alijitambulisha, akaeleza, akatoa barua. Mama mkwe hakuipokea.

"Barua yako haisimamishi maji. Lita elfu zitapita wapi? Hapa?" Alinyoosha jiwe kuelekea safu za vyungu. "Mwaka ule huyu alinimwagia arobaini. Hata pole ilimtoka kama jino bovu."

"Safari hii hatumwagi," binti alisema. "Maji yanaingia kwenye mapipa, na mapipa yako kwenye pikapu huko nje. Hayaruhusiwi kugusa ardhi mpaka yapimwe."

"Pikapu haiingii kwenye geti langu."

"Haiingii. Na mpira wa pampu haufiki nje."

"Basi nendeni na mpira wenu." Mama mkwe aligeuza mtungi upande wa pili. "Hilo Ghala lenu si mlisema limezungushiwa udongo wa mfinyanzi, haliwezi kuvuja? Alikuja mtu hapa na kipaza sauti, akatuambia udongo hauvuji. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Wewe msomi, mtungi unapoozaje maji?"

Binti aliutazama mtungi.

"Unatoa jasho! Maji yanapenya, yanatokeza nje, yanakauka, ndiyo mtungi unapoa. Mtungi usiovuja haupoozi. Mimi nimeshika udongo tangu sijaota meno ya pili, na hakuna aliyeniuliza."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, binti aliacha kutazama karatasi zake. Aliuweka ubao wake chini.

"Tulilijua hilo jasho, bibi," alisema. "Tulilipigia hesabu. Baadhi ya vile vitu vinanata kwenye udongo, haviendi popote. Lakini kuna vingine havinati, vinatembea na maji bega kwa bega. Hesabu ilisema vitachukua miaka elfu nyingi kufika huku."

"Na mwamba wenyewe?"

"Mwamba una nyufa. Na kuna shimo moja la zamani, la wachimbaji wa utafiti, lilizibwa vibaya. Tumeligundua mwaka jana kwenye makaratasi. Linaelekea upande huu."

Kizibo alikuwa hajawahi kusikia habari ya shimo hilo. Alivitazama vyungu, akalitazama geti, akapima kwa macho umbali kutoka kwenye bomba mpaka mtaani: hatua hamsini, pengine sitini.

"Mama," alisema, "nitabeba kwa ndoo. Halitadondoka tone uani kwako."

"Wewe? Na mgongo huo?"

"Mimi na mgongo huu."

Mama mkwe aliliweka jiwe chini. "Na majibu je? Miaka kumi na moja mnachota kwangu. Majibu nayasikia kwenye redio, hali ni salama, hali ni salama, kama dua. Safari hii nasikia mimi kwanza. Si redio, si karatasi. Kwa mdomo wako."

"Utasikia wewe kwanza, Mama."

Binti alimgeukia haraka, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Walipokuwa wakishusha pampu, alimsogelea. "Umeahidi kitu ambacho si chako. Majibu ni ya bodi ya Ghala mpaka bodi iyatangaze. Ulisaini."

"Najua nilichosaini."

"Basi vaa hizi." Alimpa glavu nene. Kizibo alizitazama sana kabla ya kuzivaa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akifanya kazi ile mikono mitupu.

Ndoo ni ya lita ishirini. Lita elfu ni ndoo hamsini. Ndoo ya kumi, jirani fundi viatu alihamisha kigoda chake mpaka getini ili aone vizuri. Ndoo ya kumi na tano, wanawake waliokuja kuchota maji kwenye kisima cha mama mkwe, kile cha kunywa kilicho chini ya mteremko, waliweka madumu chini na kuanza kuhesabu kwa sauti.

"Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki," fundi viatu alipaza sauti. "Huyu anayazoa kabla hayajamwagika!"

"Mwacheni, analipa mahari upya!"

"Kwa hiyo yale maji ni sumu au si sumu, Kizibo? Maana ukivaa glavu hivyo unatutia kiwewe."

Kizibo aliinua ndoo nyingine. Kwenye ndoo ya thelathini na moja mguu uliteleza kwenye kizingiti. Aliikumbatia ndoo kama mtoto anayetaka kuanguka, goti likapiga jiwe, na maji yaliyoruka yakamlowesha kifua na suruali. Ardhini halikudondoka hata tone. Watu walicheka. Mama mkwe hakucheka, wala hakusema pole.

Kwenye ndoo ya arobaini na tatu maji yalibadilika. Yalitoka baridi, na yakaleta harufu nzito, kama ya yai lililosahaulika. Binti alipiga magoti, akatumbukiza kipimo chake, akasubiri.

"Oksijeni imeisha," alisema polepole. "Haya ndiyo yenyewe."

Kizibo alisimama na ndoo mkononi, akainusa tena ile harufu. Ndiye aliyekuwa mlinzi wa maji haya kwa miaka kumi na moja, na tangu mwaka ule wa vyungu arobaini hawakuwa wamekutana tena.

Walimaliza hamsini. Binti alijaza chupa, Kizibo akaiziba. Kisha binti akachukua chupa nyingine, akateremka mpaka kwenye kisima cha kunywa, akaomba dumu la mwanamke mmoja, akajaza chupa kutoka humo.

"Hiki hakimo kwenye kazi yetu," Kizibo alimnong'oneza. "Visima vya watu ni vya wizara nyingine."

"Najua," binti alisema, huku akiandika lebo. "Na wizara nyingine inasema vilivyo karibu na Ghala ni vyetu."

Majibu yalitoka baada ya siku kumi na tisa. Kizibo aliitwa kwenye kituo cha Ghala. Ofisini alikuwepo mkuu wa kituo, mtu mwenye sauti laini na kucha safi, na yule binti, aliyeketi dirishani akiwa amekumbatia ubao wake.

"Kisima namba tisa kina iodini ya mionzi," mkuu alisema. "Kidogo. Lakini ni ya Ghala, haina asili nyingine."

"Iodini si ndiyo tunayotiliwa kwenye chumvi?"

"Hii ni ndugu yake mbaya," binti alisema. "Haifi haraka na hainati kwenye udongo."

"Na kisima cha kunywa?"

Mkuu aliigeuza karatasi kifudifudi. "Alama tu. Iko chini ya kikomo. Leo hakuna mtu atakayekufa."

"Mwaka kesho je? Inapanda au inashuka?"

"Hatujui," binti alisema. "Ili ujue kama inapanda, unahitaji vipimo vya nyuma. Vipimo vya nyuma ni vile vyako."

Hakulisema kwa ukali. Kizibo angependa angelisema kwa ukali.

"Bodi inakaa baada ya siku thelathini," mkuu aliendelea. "Mpaka hapo, mdomo kufuli. Tukitangaza leo watu watakanyagana. Na wewe hasa, Kizibo. Hapa nina faili. Miaka kumi ya chupa za uongo. Faili hili linaweza kukaa kabatini, ukastaafu na cheti chako. Linaweza pia kutoka. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Hizo siku thelathini watu watakunywa nini?"

"Watakunywa walichokuwa wakinywa jana."

Kizibo alimtazama binti. Macho ya binti yalikuwa mekundu. "Nimeandika barua ya kupinga," alisema. "Imepokelewa, imegongwa muhuri." Mkuu alitabasamu, na kutokana na tabasamu lile Kizibo akaelewa barua ilipokwenda.

Nyumbani alimsimulia mkewe. Mkewe alikuwa akikunja nguo. Alikunja shati moja mara tatu.

"Ukienda kumwambia, kazi huna," alisema. "Na mji mzima utajua ulikuwa ukijaza chupa vipi. Watoto watanyooshewa vidole."

"Najua."

"Na mama hatakusamehe. Namjua, nimetoka tumboni mwake."

"Najua."

"Usipoenda, sitakusamehe mimi." Aliliweka shati kwenye rundo. "Vaa lile la bluu. Hilo ulilovaa limepauka, ataanza na hilo."

Alifika mchana, jua la utosi. Vyungu vya siku ile vilishachomwa, na vipya vilikuwa vimepangwa pale pale, vibichi, kwenye mteremko. Kisimani wanawake wanne walikuwa na madumu yao, na fundi viatu alikuwa getini na sindano yake. Mama mkwe alikuwa akikanda udongo. Kizibo hakuchuchumaa pembeni kama siku zote. Aliketi mbele yake, juu ya vumbi.

"Mama, majibu yametoka. Nimekuja kama nilivyoahidi."

"Bodi imetangaza?"

"Bado. Wewe ndiye wa kwanza."

Alianza na lake. Alisema juu ya chupa na kamba, mwaka baada ya mwaka, jinsi alivyochota maji yaliyolala na kuyaandikia kuwa ni mapya. Kisha akasema kilichopatikana kwenye bomba, na kilichopatikana kwenye kisima cha kunywa, na kwamba ni kidogo, na kwamba hakuna anayejua kama kinaongezeka, kwa sababu yake mwenyewe. Hakupunguza neno wala hakuongeza. "Usinywe tena, Mama. Wala usiwape watu."

Mikono ya mama mkwe ilibaki ndani ya udongo.

"Miaka kumi," alisema.

"Nilikuheshimu, Mama."

"Huo uongo wa pili." Sauti yake ilikuwa ya chini na ya kukata. "Hukuniheshimu. Uliniogopa. Ungeniheshimu ungenimwagia vyungu, nikakutukana, nikafinyanga vingine. Udongo haujaisha duniani! Wajukuu zangu wamekunywa hapa. Mwanangu, mkeo, alikunywa hapa akiwa na mimba ya yule mdogo. Na wewe unanisalimia, shikamoo Mama, chupa ya uongo iko mkononi!"

Wanawake kisimani walishaacha kuvuta kamba. Simu ya Kizibo ikaanza kutetemeka mfukoni. Aliitazama, ni mkuu wa kituo. Macho yake yakaenda getini, na fundi viatu akaficha simu yake na kuinamia kiatu kwa bidii isiyo ya kawaida. Habari zilikuwa zimeshatembea. Simu ilitetemeka mpaka ikachoka.

Mama mkwe alisimama, akafuta mikono kwenye nguo. Aliuendea mtungi wake wa maji ya kunywa uliokuwa kivulini mlangoni, mtungi mkubwa, umetoa jasho ubavuni, akauinamisha. Maji yote yakamwagika uani. Yakateremka kama yalivyozoea kuteremka, yakafika kwenye safu ya kwanza ya vyungu vibichi, yakaanza kuvila miguu.

Kizibo aliruka kuviokoa.

"Viache," mama mkwe alisema. "Kaa pale pale ulipokaa."

Alikaa. Mama mkwe aliwaita wale wanawake wanne, akamwita na fundi viatu, nao wakaja, madumu matupu mikononi, nyuso wamezikaza. Alichukua kigoda chake akakiweka mbele ya Kizibo, akaketi.

"Mimi nimeshasikia kwanza. Ahadi yako umeitimiza," alisema. Hakumwita mwanangu, wala mkwe. "Sasa waambie na hawa. Anzia kwenye kamba na chupa, kama ulivyoanza kwangu."

Simu ilianza kutetemeka tena. Kizibo aliizima, akaiweka kwenye vumbi kando ya goti lake bovu, akaanza.